Mwaka wa Kitabu cha Kuku

Hiza tulimzika Jumatano, Korogwe, na Alhamisi asubuhi nilikuwa bado nimekaa jamvini kwake na wanawake wenzangu, nimenyoosha miguu kwa sababu magoti yangu siku hizi hayataki kukunjwa. Mjukuu wake, kabinti ka miaka minane hivi, alikuwa amelala kifudifudi karibu na mlango anasoma kitabu cha hadithi za picha, hivi vya rangi, maneno yamefungiwa kwenye mapovu juu ya vichwa vya watu. Kijana mmoja wa mambo ya elimu aliyekuja kutoa pole akamtazama, akasema kwa sauti ya mtu anayetaka asikike, "Watoto wa siku hizi wana bahati. Kujifunza kusoma kwa katuni! Hili jambo jipya kabisa." Jipya! Nilitaka kumcheka mbele za watu, ila nikakumbuka niko msibani. Marehemu tuliyemzika jana yake alichora kitabu cha namna ile kabla mama wa kijana yule hajavunja ungo. Aliyeandika maneno yake ni mimi. Na aliyekitumia kumuumiza mtoto wa watu ni mimi pia, hilo Hiza hakuwa na kosa nalo. Nikanywa uji wangu. Lakini tangu siku ile mwaka ule umekataa kunitoka kichwani, basi acha niuandike uishe.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwalimu mpya, sijathibitishwa kazini. Nilitoka Lutindi kwenye ukungu, ambako maji unayasikia kabla hujayaona, nikatupwa Handeni ambako maji yalikuja kwa mkokoteni na kila ndoo ilikuwa na mwenyewe. Nilipanga chumba kimoja uani kwa Bi Mwanjaa, mama mmoja wa Kizigua mwenye ulimi wa pilipili na moyo mweupe. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, meza yenye mguu mfupi niliyoiwekea kipande cha tofali, na ukuta ambao haukufika juu kwenye bati, kwa hiyo kila kilichosemwa uani nilikisikia kama nimealikwa. Wiki ya kwanza niliwasikia wanawake wakiulizana, "Hivi huyu mwalimu wa milimani anaogea ndoo nzima? Kwao hakuna mwisho wa maji?" Nikaona haya, kesho yake nikaogea nusu. Jioni Bi Mwanjaa alinipakulia bada, ule ugali wa unga wa muhogo unaovutika, na mchunga, majani machungu ambayo mara ya kwanza nilidhani ameniwekea dawa. "Kula, mwanangu," aliniambia. "Ukimaliza mwezi huu utakuwa unaniomba nyongeza." Kweli bwana, mwezi haukuisha.

Nilipewa Darasa la Pili, watoto zaidi ya sabini, na vitabu vya kusomea vichache vilivyokuwa vimeshapoteza majalada na kurasa za mwanzo. Watoto walisoma vizuri ajabu. Nilisema sentensi, wakaiimba. Nikagusa ubao, wakaimba inayofuata kabla sijafungua mdomo. Nikajiona nimefika. Halafu siku moja nikipita kati ya madawati nikakuta mtoto ameshika kitabu juu chini, na anasoma kwa sauti safi kabisa, bila kukwama popote. Nikajaribu wengine, mmoja mmoja, nikiwaonyesha neno katikati ya ukurasa. Walinitazama usoni kutafuta jibu. Walikuwa wanakumbuka tu, na kumbukumbu zao zilikuwa nzuri kuliko zangu. Nikawaza: mtoto akimwona mtu kwenye picha amefungua mdomo, atataka kujua anasema nini. Atataka mwenyewe, bila kuimbishwa. Wazo lilikuwa zuri na hata leo nasema lilikuwa zuri.

Korogwe kulikuwa na kituo cha walimu, chumba kirefu chenye meza mbili na mashine ya kudurufu, na Hiza ndiye aliyekuwa akiizungusha. Kijana mrefu, mikono myeusi kwa wino mpaka kwenye viwiko, siku za mapumziko anaandika majina ya maduka na kuchora vichwa kwenye vibao vya vinyozi. Jumamosi moja nilimpelekea mtihani wa kudurufu nikamkuta amechora pembeni ya stensili, karatasi ya nta ya kudurufia, iliyoharibika mwanamke mnene anagombana na kondakta. Nilicheka mpaka akaona aibu. "Unaweza kunichorea kitabu?" nikamuuliza. "Cha nini?" "Cha watoto. Watu waongee." Akanitazama, akafuta mikono kwa gazeti, akasema, "Keti basi, mwalimu, tuone wataongea nini." Tangu hapo kila Jumamosi nilipanda basi la asubuhi kwenda Korogwe, tukila chapati na maharage kwenye meza ya kazi, mimi nikiandika, yeye akikwaruza kwa kalamu ya chuma kwenye ile karatasi ya nta. Kazi ile haina msamaha. Ukikosea mstari unaupaka dawa yenye harufu ya kulevya, unapuliza, unasubiri. Ukikuna sana karatasi inachanika. Ndiyo maana kuku wetu alikuwa na manyoya machache. Hadithi ilikuwa ya mama mmoja anayempeleka kuku sokoni kwa basi, kuku anakata kamba pale Mombo abiria wakinunua chakula, watu wazima wanamkimbiza kati ya magari, dereva anamnasa kwa kofia yake. Kurasa nne, kila ukurasa visanduku sita vya picha, viwili viwili kwa mstari. Tukabana kwa pini. Vitabu nilivibeba kwenye basi nimevipakata mapajani.

Mwalimu Mkuu alikigeuza kitabu mbele na nyuma kama anatafuta mahali kilipovunjika. Alikuwa mtu wa haki kwa namna yake, ila mgumu. "Mwalimu Naomi, katuni ni za magazetini," alisema. "Lakini jaribu. Kabla ya likizo ya Juni nataka majina ya wote wasiojua kusoma. Hao nawarudisha Darasa la Kwanza, tusidanganyane." Jumatatu nikagawa. Nikakisoma chote kwa sauti, kisanduku kwa kisanduku, nikiigiza kuku, nikiigiza kondakta, na darasa zima likarudia baada yangu kwa kelele mpaka walimu wengine wakachungulia. Ndivyo nilivyofundishwa kufundisha: mwalimu kwanza, watoto nyuma yake. Siku ile Zaina hakuwapo. Zaina alikuwa msichana wa miaka kumi, mkubwa kuliko wenzake kwa sababu alishawahi kurudishwa darasa mara moja. Mahindi yalikuwa yamekaribia kukomaa na baba yake, Mzee Athumani, alimpeleka shamba kufukuza ngedere. Alirudi baada ya wiki.

Nilipoanza kupima watoto, nilisimama mbele karibu na ubao, daftari mkononi, nikiita jina. Mmoja baada ya mwingine walisimama wakasoma kitabu cha kuku kwa mpangilio safi, na mimi nikitia alama ya vema huku moyo unaimba. Zamu ya Zaina ilipofika akaanza: "Kuku amekaa kimya kwenye kikapu." Nikamkatisha, nikamwambia aanze mwanzo. Akatazama kitabu, akarudia ileile, kisha akaendelea, "Mama anamfunga kuku kamba." Kisha, "Kondakta anasema, huyo kuku atalipa nauli?" Kisha, "Mama anapanda basi." Watoto wakaangua kicheko. Maneno yalikuwa ya kitabuni, yote, hata moja hakulikosea. Ila alikuwa ameyachanganya, la pili kabla ya la kwanza, la nne kabla ya la tatu. Nikajua, au nilidhani najua: huyu ameyasikia kwa wenzake uwanjani, amejaza kichwani ovyoovyo, sasa ananichezea. Nilikuwa nimekwisha kuapa kwamba darasani kwangu hakuna tena kuimba bila kusoma. Nikamwita mbele. Nikamchapa fimbo moja ya mkononi. Akasema kitu, kwa sauti ndogo, akinitazama. Nikaona ananijibu. Nikaongeza ya pili.

Nikiwa na umri huu naweza kusema zamani ndivyo ilivyokuwa, kila mwalimu alikuwa na fimbo, na ni kweli kila mwalimu alikuwa nayo. Lakini sina haja ya kujificha nyuma ya walimu wengine. Kilichonikasirisha mimi si ujinga wa Zaina, ni kitabu changu. Nilimchapa kwa sababu alikichafulia jina. Kutoka pale nilipokuwa nimesimama hadi dawati lake ni hatua sita au saba, na kama ningezitembea ningeona kidole chake kiko wapi. Sikuzitembea. Nikaandika jina lake kwenye orodha, nikapeleka ofisini.

Mzee Athumani alikuja shuleni na kofia mkononi. "Mwalimu, wewe ndiye umesema hajui kusoma?" Nikasema ndiyo, mzee. "Hata kidogo?" Nikasema anabahatisha tu. Aliitikia kwa kichwa namna mtu anavyopokea neno la daktari, akashukuru, akaondoka. Siku chache baadaye, niko chumbani nasahihisha madaftari, nikamsikia Bi Mwanjaa na jirani yake wakichambua kunde uani. "Zaina wa Athumani kapelekwa Mombo kwa shangazi yake." "Kufanya nini?" "Kuuza mayai ya kuchemsha kwenye mabasi. Baba mtu kasema, mtoto yule haketi dawati moja na mdogo wake wa Darasa la Kwanza, aibu ya mara mbili hapana. Kama kichwa hakina kitu, mikono ifanye kazi." "Masikini, na kule madrasa ustadhi anamsifu kweli." "Basi akili zake ziko huko." Wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Nilisikia kila neno na sikuelewa hata moja. Nilichofikiria, Mungu anisamehe, ni kwamba darasa langu sasa lina wasomaji watupu.

Baada ya likizo Hiza akawa amemaliza hadithi ya pili, ya mbuzi aliyekula kofia ya mwenyekiti wa kijiji katikati ya mkutano. Nilizigawa nakala asubuhi, na kabla sijaanza kusoma, Mwalimu Mkuu akaniita ofisini kuhusu madawati. Nilikaa huko kama robo saa. Niliporudi sikuingia, nilisikia zogo dirishani nikasimama kusikiliza, maana kusikiliza bila kuonekana nilishakuzoea kwa Bi Mwanjaa. Darasa lilikuwa linagombana. "Mbuzi anaanza kula!" "Hapana, mwenyekiti anaanza kuvua kofia!" "Anzia huku!" "Huku ni mwisho!" "Mwisho vipi? Ustadhi anaanzia mkono huu, wewe unaanzia huo, umesoma wapi?" Nikaingia. Nikawaambia kila mtu aweke kidole pale anapoanza. Nilitembea safu kwa safu. Karibu nusu ya darasa, kidole kilikuwa kwenye kisanduku cha kulia. Neno lenyewe walilisoma vizuri, kutoka kushoto kama tulivyowafundisha. Lakini picha hazikuwa maneno, picha hakuna aliyewafundisha zinaanzia wapi, na kila jioni ya maisha yao, madrasa, ukurasa ulianzia kulia. Kitabu cha kuku walikisoma sawa kwa sababu mimi niliwaimbisha kwanza. Walikuwa wanakumbuka, wale wote niliowatia vema. Aliyekuwa anasoma siku ile ya kupima, kwa macho yake mwenyewe, bila kuimbishwa na mtu, alikuwa mmoja, na huyo alikuwa Mombo anauza mayai.

Jumamosi nilimweleza Hiza. Aliacha kuzungusha mashine. "Lahaula," akasema, akajipiga paji la uso, akaacha alama ya wino. "Mimi nimekaa madrasa miaka sita, mwalimu. Sita! Na nikasahau." Kisha akachukua karatasi, akachora visanduku vinne, kimoja chini ya kingine, vyembamba kama ngazi. "Hivi. Kulia na kushoto tunagombana, ila kutoka juu kwenda chini hakuna anayebisha. Ustadhi anaanzia juu, na padri wako wa Lutindi anaanzia juu." Tulicheka, tukashinda pale mchana kutwa tukikata stensili upya, kuku na mbuzi wote wawili. Ilipokaribia saa ya basi, bila kuinua kichwa, akaniuliza, "Na yule uliyemchapa?" Nikasema nitaona la kufanya. "Utaona nini?" akasema. "Si umeshaona?"

Nilianza kwa Mwalimu Mkuu, nikaomba jina la Zaina lifutwe kwenye orodha. Aliniambia likizo imepita, mtoto kaondoka, mambo yameisha. Nikamwambia nitakwenda kwa mzazi nikaseme nilikosea. Alivua miwani. "Sikiliza, binti yangu. Mwalimu akienda kwa mzazi kusema nimekosea, kesho wazazi wote wako mlangoni, kila mtoto aliyeshindwa ni kosa la mwalimu. Na wewe hujathibitishwa. Fikiria." Nilifikiria siku tatu, sitasema uongo. Niliogopa. Ile barua ya kuthibitishwa ndiyo iliyokuwa itanifanya mtu. Siku ya nne, baada ya vipindi, nikajifunga kanga juu ya gauni, nikaenda.

Mzee Athumani alikuwa anapukuchua mahindi kwenye gunia. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwalimu. Karibu kiti." Sikukaa. Nilimweleza yote, kuhusu visanduku, kuhusu kulia na kushoto, nikamwonyesha kitabu cha zamani na kipya, maneno yananitoka mengi kuliko inavyohitajika. Alisikiliza bila kuacha kupukuchua. Nilipomaliza nikasema, "Kwa hiyo, mzee, naomba unisamehe. Zaina alikuwa anasoma." Akaweka gunzi chini. "Mimi nikusamehe nini, mwalimu? Mimi sikuchapwa." Akachukua gunzi jingine. "Aliyechapwa yuko Mombo. Akisema anarudi, atarudi."

Mombo mabasi hayakai. Basi linasimama, wauzaji wanalifuata madirishani na beseni kichwani, linaondoka, vumbi linashuka juu ya watu. Nilimwona kabla hajaniona, amenyanyua beseni la mayai juu kabisa kufikia dirisha, na vipakiti vya chumvi ameviviringisha kwa karatasi. Aliponitambua alishusha beseni akalishika kifuani kwa mikono miwili. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri tangu Korogwe. Yote yakapotea. Nikachuchumaa pale pale mavumbini tuwe sawa kwa macho, abiria wanatutazama, nikasema, "Zaina, nilikosea. Ulikuwa unasoma kweli."

"Najua, mwalimu," akasema.

"Mbona hukuniambia?"

Akanishangaa, hakuwa na hasira hata kidogo, alishangaa tu. "Nilikuambia. Nilisema, nasoma, mwalimu. Ukaniongeza ya pili."

Nilitoa kitabu kipya nikampa. Alikitazama kutoka juu hadi chini, mdomo unacheza bila sauti, akafika mwisho, akatabasamu kwa yule kuku kwenye kofia. Si kwangu. Kisha akauliza atakaa darasa gani. Nikasema Darasa la Pili, na wenzake. Akauliza kama mdogo wake hatamcheka. Nikasema hatamcheka. "Basi nitarudi nikimaliza mayai ya shangazi," akasema, na akakimbilia basi lililokuwa linaingia.

Alirudi Jumatatu ya pili. Barua yangu ya kuthibitishwa ilichelewa mwaka mzima, na sababu iliyoandikwa ilikuwa nyingine kabisa. Zaina alifanya kila nilichomtaka. Aliandika imla bila kosa, alijibu maswali ya ufahamu kwa mwandiko safi, alisafisha ubao bila kuambiwa. Jambo moja tu. Nilipomwita asome kwa sauti, alisimama, akashika kitabu, akanyamaza mpaka nikamwambia keti. Nilijaribu Agosti, nikajaribu Oktoba, nikamsifu, nikambembeleza, nikamwambia fimbo nimeitupa chooni, na ni kweli niliitupa. Alisikiliza kwa adabu. Mwishowe nikaacha. Mkaguzi alipokuja, akamwita yeye kwa bahati tu, mimi nikatolewa nje kama desturi yake, na baadaye akaniambia, "Yule msichana mrefu anasoma kama redio. Hongera, mwalimu." Nilishukuru. Sikumwambia kwamba yeye amemsikia na mimi sijamsikia.

Novemba, wakati wa mapumziko, nilikuwa natoka stoo na boksi la chaki, nikasikia sauti nyuma ya darasa. Ilikuwa sauti nene, ya kuigiza, sauti ya mwenyekiti wa kijiji anayetafuta kofia yake: "Nani amekaa juu ya heshima yangu?" Watoto wakacheka mpaka wakapaliwa. Nikajongea. Zaina alikuwa amekaa kwenye msingi wa ukuta, mdogo wake amemlalia pajani, wadogo wa Darasa la Kwanza wamemzunguka, anawasomea hadithi ya mbuzi, kidole kinashuka kisanduku hadi kisanduku, na kila mtu kwenye kitabu kile ana sauti yake. Sikuwahi kusikia mtu akisoma maneno yangu vizuri namna ile, na sijasikia tena. Nikasogea hatua moja nisikie zaidi. Kivuli changu kikaangukia ukurasa.

Alifunga kitabu. Akasimama, akajikung'uta vumbi nyuma ya sketi, na wadogo wote wakasimama naye.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Zaina. Endelea tu."

"Tumemaliza, mwalimu."

Nilisubiri kidogo. Na wao walisubiri, wamenyooka, kimya, kama wanavyosubiri watoto wenye adabu mpaka mkubwa aondoke. Basi nikaondoka na boksi langu la chaki, na sikuwa hata nimefika kwenye kona ya ofisi, nikawasikia wameanza tena kucheka.